Akitaka kusoma hadi udaktari, mwulizeni ana swali gani

Kwa familia nyingi za Mwanhuzi, safari ya shule ina mwisho unaojulikana. Mtoto anahitimu shahada ya kwanza, mbuzi anachinjwa, picha ya joho inatundikwa sebuleni, na kuanzia siku hiyo anatarajiwa kushika ada za wadogo zake. Ndiyo maana kijana akirudi nyumbani akasema anataka kuendelea, tena hadi uzamivu, ile PhD, na kwamba atasomea mahusiano ya kimataifa, nyumba inaingia ukimya. Baba anahesabu miaka. Mama anauliza nani atamwajiri. Na kama msomi mwenyewe ni binti, shangazi ana lake moja: ataolewa lini?

Hakuna swali la kijinga hapo. Uzamivu wa muda wote huhesabiwa miaka 3 au 4, na wengi huvuka hapo kwa mwaka au miwili. Huo ni muda wa kumtoa mdogo wake kidato cha kwanza hadi cha nne. Isitoshe, jina la fani halijielezi. Daktari wa hospitali anatibu, mhandisi anajenga barabara. Huyu daktari wa mahusiano ya kimataifa kazi yake nini, na watoto wa nani husomea mambo hayo? Dhana iliyozoeleka ni kwamba ni fani ya watoto wa mabalozi.

Ukiangalia waliopita njia hiyo, dhana hiyo haisimami. Stergomena Tax alizaliwa mwaka 1960 mkoani Mwanza, jirani kabisa na Simiyu. Alisoma biashara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, akapata uzamivu katika maendeleo ya kimataifa. Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Katibu Mtendaji wa SADC kuanzia mwaka 2013 hadi 2021, na mwaka huohuo wa 2021 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Ulinzi nchini.

Augustine Mahiga alizaliwa Tosamaganga, Iringa, mwaka 1945. Alipata uzamivu wake wa mahusiano ya kimataifa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, mwaka 1975. Alirudi kufundisha Dar es Salaam, kisha maisha yake mengi yakawa ya wakimbizi na vita vya watu wengine: shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ubalozi New York, na miaka 3 ya kusimamia shughuli za Umoja wa Mataifa za kisiasa kuhusu Somalia. Watanzania wengi wanamkumbuka kama Waziri wa Mambo ya Nje aliyeteuliwa mwaka 2015. Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, alisoma sheria, akamaliza uzamivu Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 36. Miaka 15 baadaye alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa.

Mzazi atazame shahada hizo kwa makini. Mmoja alisomea maendeleo, mwingine mahusiano ya kimataifa, mwingine sheria. Fani hii haina mlango mmoja. Humo wanaingia walimu wa historia, wanauchumi, waandishi wa habari, maofisa wa jeshi, watumishi wa mashirika ya misaada na makarani wa forodha waliochoka kuona kitu fulani mpakani bila kukielewa. Wengi hawatoki moja kwa moja darasani. Wamefanya kazi kwanza, na kazi ndiyo iliyowatia swali kichwani.

Ndipo panapotofautisha mtu anayetaka uzamivu na mtu anayetaka kuitwa daktari. Tanzania tunakipenda sana kile kifupisho cha Dkt. mbele ya jina, hata kwenye kadi za harusi. Lakini kwa wanaotaka utumishi wa diplomasia, kifupisho hicho si sharti. Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, akiwa hana shahada hata moja. Uzamili aliusoma baadaye Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, na udaktari wake ni wa heshima. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, leo kinabeba jina lake. Kijana anayetaka kufanya kazi ubalozini anaweza kuanzia hapo kwa stashahada au shahada, na asimpotezee baba yake usingizi kwa ajili ya PhD.

Uzamivu ni kitu kingine. Mwanafunzi huanza kwa kuandika andiko la utafiti linaloeleza swali moja ambalo hakuna aliyelijibu vizuri, na namna atakavyolijibu. Anapewa msimamizi. Anatumia mwaka au zaidi kukusanya taarifa: mahojiano vijijini, nyaraka za wizara, magazeti ya zamani, takwimu za bandari. Halafu anaandika tasnifu, kitabu kizima, na mwisho anakaa mbele ya wasomi wanaomhoji hadi waridhike. Asiye na swali la kweli hugundulika mapema, au hujichosha mwenyewe njiani. Wanaoacha katikati si wachache, na mara nyingi familia haiambiwi.

Kisa cha Ali Mazrui wa Mombasa kinafaa kusimuliwa nyumbani, hasa kwa mzazi aliyekata tamaa alipoona matokeo ya mwanawe. Mazrui alizaliwa mwaka 1933 katika familia ya wanazuoni. Alipofanya mtihani wa kumaliza sekondari mwaka 1949, matokeo yake hayakutosha kumwingiza Makerere, na Afrika Mashariki nzima haikuwa na pengine pa kwenda. Akaajiriwa ukarani katika taasisi ya elimu ya Waislamu palepale Mombasa. Hotuba aliyoitoa kwenye Maulidi ilimvutia gavana wa Kenya, na njia ya kwenda Uingereza ikafunguka. Alianza upya masomo ya sekondari Huddersfield akiwa mtu mzima. Shahada ya kwanza aliipata Manchester mwaka 1960, uzamili Columbia mwaka uliofuata, na uzamivu Oxford mwaka 1966. Karani aliyekosa Makerere alirudi Makerere kuwa profesa.

Lililompeleka Oxford lilikuwa swali zito: mkoloni akiondoka, nani atalinda amani ya Afrika? Halikuwa swali la vitabuni. Januari 1964, akiwa bado katika miaka hiyo ya masomo, askari wa Tanganyika waliasi, kisha wa Uganda na Kenya, na serikali zote 3 zikalazimika kuwaita askari wa Uingereza kuzima maasi. Nchi zilizojitawala jana zinamwomba msaada aliyeondoka jana. Kitabu kilichotokana na tasnifu yake kilitoka mwaka 1967, na hoja yake ni kwamba amani ya Afrika inapaswa kulindwa na Waafrika wenyewe. Leo majeshi ya kanda yanapoingia mashariki ya Kongo na kutoka, wanafunzi wa uzamivu bado wanabishana na Mazrui.

Walter Rodney naye hakutoka ikulu. Baba yake alikuwa fundi cherehani huko Georgetown, Guyana. Alipata uzamivu London mwaka 1966 akiwa na miaka 24, kwa utafiti wa biashara ya watumwa katika pwani ya Guinea, akaja kufundisha Dar es Salaam. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoikwamisha Afrika kilichapishwa mwaka 1972, na Tanzania Publishing House ilikuwa miongoni mwa wachapishaji wake.

Sasa turudi Meatu, maana hapa ndipo vijana wengi wa mkoa hukosea. Kijana akiambiwa achague mada ya kimataifa, akili inakimbilia Geneva, New York au Beijing. Anaandika andiko kuhusu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ambalo maelfu wameshaliandikia wakiwa karibu na maktaba zake. Wakati huohuo wageni wanatoka mbali kuja kuuliza maswali yao Usukumani.

Andrew Maguire ni mmoja wao. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika miaka ya kwanza baada ya Uhuru. Mada yake ilikuwa siasa za Usukumani: jinsi wakulima wa pamba walivyojiunga katika ushirika, jinsi walivyogombana na serikali ya kikoloni, na jinsi TANU ilivyopata nguvu eneo ambalo ilikuwa imezuiwa kufanya kazi kati ya mwaka 1954 na 1958. Alipata shahada yake mwaka 1966, kitabu kikachapishwa na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1969. Mwaka 1975 Maguire aliingia katika Bunge la Marekani akiwakilisha watu wa New Jersey, na akakaa humo hadi 1981. Mambo yaliyompa udaktari ni yaleyale ambayo mababu wa Meatu na Maswa waliyaishi, na ambayo wajukuu wao wengi hawajawahi kuwauliza.

Na wengine waliendelea kuja. Mwingereza James Woodburn alianza kuishi na Wahadzabe mwaka 1958, akapata uzamivu Cambridge. Wahadzabe hao ndio majirani wa Meatu upande wa Ziwa Eyasi. Liisa Malkki, Mfini aliyesoma Harvard, alikaa katikati ya miaka ya 1980 na wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Mishamo, magharibi mwa nchi, na pia na wale waliojichanganya na wenyeji mjini Kigoma, akilinganisha namna makundi hayo mawili yanavyosimulia yalikotoka. Mgeni anayekuja leo hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kupata kibali, kisha barua inashuka mkoani, wilayani, katani hadi kijijini. Mzee anayeitwa na mtendaji aje ajibu maswali ya kijana mwenye daftari huwa hajui kwamba anachangia tasnifu ya mtu.

Mtoto wa Mwanhuzi anayo mali ambayo mgeni huitafuta kwa miezi. Anajua Kisukuma. Pengine amekua na jirani Mtaturu au Mnyiramba. Anajua mzani wa AMCOS unavyoweza kuleta ugomvi, na anajua mkulima anavyoamua kati ya pamba, choroko na alizeti mvua zinapokaribia. Kinachobaki ni kuona kwamba hayo ndiyo mambo ya kimataifa.

Pamba ni mfano ulio mlangoni. Mwaka 2003 nchi 4 za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilipeleka hoja Shirika la Biashara Duniani kwamba ruzuku ambazo Marekani na nchi nyingine tajiri zinawapa wakulima wao wa pamba zinashusha bei ya dunia na kuwaumiza wakulima wa Afrika. Mkutano wa Cancún, Mexico, Septemba mwaka huo ulivunjika, na pamba ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyokuwa mezani. Brazili iliifungulia Marekani kesi ya pamba, ikashinda, na mwaka 2014 mzozo ukamalizwa kwa Marekani kukubali kulipa dola milioni 300. Fedha hizo zilienda Brazili. Tanzania, yenye mikoa mizima inayoishi kwa pamba, haikuwa kati ya zile nchi 4. Kwa nini? Hilo ni swali la uzamivu, na anayelijibu akiwa na babu aliyeuza pamba kwenye ushirika ataliona tofauti na anayelijibu kutoka Geneva pekee.

Kuna jingine. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya wakulima wa Meatu wamelima pamba ya kilimo hai, isiyopuliziwa dawa za viwandani, inayonunuliwa na kampuni ya bioRe kwa ajili ya soko la Uswisi. Nani huamua kwamba pamba hii ni hai? Kanuni zinaandikwa wapi, na mkulima ana sauti gani ndani yake? Au tembo wanaovuka kutoka Pori la Akiba Maswa kuingia mashambani: uhifadhi wao una fedha za wageni na mikataba ya kimataifa, lakini mahindi yanayoliwa ni ya mama mmoja. Hata daraja la Sibiti, linalomuunganisha mtu wa Meatu na Singida, lina habari ya biashara ya ndani na ya kuvuka mipaka ambayo mtu anaweza kuikalia miaka 3.

Baada ya swali, linakuja la fedha, na hapa mzazi asione haya kuuliza kwa ukali. Kuuza ng'ombe kulipia uzamivu si jambo la kushauriwa. Uzamivu unaofaa kwa kawaida hulipiwa na mwingine: chuo kinachomwajiri kijana kama mhadhiri msaidizi, mwajiri wake, au ufadhili kama wa DAAD wa Ujerumani, MEXT wa Japani, ufadhili wa Jumuiya ya Madola nchini Uingereza, au wa serikali ya China. Ushindani ni mkubwa na majibu huchukua miezi. Lakini ushindani huo una faida yake, kwa sababu andiko lisilo na swali huanguka hapo mapema, kabla familia haijapoteza chochote. Anayepigiwa simu kwamba ameshinda ufadhili na atume kwanza pesa kwa namba ya mtu, huyo anaibiwa. Na kabla ya kujiunga na chuo cha nje kisichosikika popote, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayoweza kumwambia kama shahada hiyo itatambuliwa akirudi.

Akishapata ufadhili, shida inahamia kwa ndugu. Posho ya mwanafunzi imepimwa chumba, chakula na nauli yake. Nyumbani hesabu ni nyingine: yuko Ulaya, ana hela. Simu zinaanza. Bati za mjomba, mchango wa harusi, jembe la ng'ombe lililovunjika, mgonjwa anayepelekwa Bugando. Mengine ni ya haki kabisa na hayawezi kukataliwa. Lakini mwanafunzi anayefanya kibarua usiku ili atume fedha kila mwezi ndiye huyohuyo anayeshindwa kumaliza tasnifu kwa wakati, na posho ikikatika mwaka wa nne ukoo wote unashangaa. Familia iliyokaa ikakubaliana kabla hajaondoka nini atachangia na nini hatachangia humsaidia kuliko ile inayomsindikiza kwa maombi na orodha.

Kwa binti mzigo ni mara mbili. Miaka ya uzamivu huangukia palepale kwenye miaka ya kuzaa. Wapo wanaoondoka wakimwacha mtoto mchanga kwa bibi, wapo wanaoondoka naye na kulea peke yao katika baridi, wapo wanaoahirisha. Hakuna jibu moja, na shangazi hana haki ya kutoa jibu lake kama ndilo pekee. Bibi anayekubali kumlea mjukuu miaka 3 anafanya nusu ya kazi ya ile shahada, ingawa jina lake litaonekana kwenye ukurasa wa shukrani tu, kama litaonekana. Mume anayebaki naye anahitaji kuzungumzwa naye wazi, na wazee wa pande zote mbili wakiwepo, maana maneno ya mtaani hayamsubiri mtu arudi.

Kwa wenye mtoto ambaye bado yuko sekondari au chuo, kazi iliyopo ni ndogo na haina gharama. Stakabadhi za zamani za ushirika wa pamba zilizo kwenye sanduku la babu zisiwashiwe moto. Babu mwenyewe aulizwe mapema, simu ikirekodi, kuhusu bei ya pamba ya enzi zake, viongozi wa ushirika na siku TANU ilipofika kijijini. Kisukuma kisiachwe kwa kisingizio cha Kiingereza.

Halafu karatasi. Maombi mengi ya vijana wa vijijini hukwama kwenye majina kabla ya msomaji kufika kwenye swali lao. Cheti cha kuzaliwa kinasema Masanja Ng'wandu, cha kidato cha nne kinasema Emmanuel Masanja, kitambulisho cha Taifa kina herufi moja pungufu, na pasipoti imefuata kile cha mwisho. Kurekebisha huchukua wiki au miezi: kiapo kwa wakili, RITA kwa cheti cha kuzaliwa, NIDA kwa kitambulisho, na kwa cheti cha mtihani Baraza la Mitihani lina taratibu zake. Mwenye mtoto wa kidato cha tatu leo bado ana muda wa kuvitoa vyeti vyote kwenye bahasha, akaviweka mezani na kuvilinganisha jina kwa jina kabla fomu za mtihani wa mwisho hazijajazwa.